Mapipa Matano katika Njia ya Maji

Miaka ile nilipokuwa mtoto, radi ikianza kusikika upande wa Bukavu sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilizunguka uani, nikaingia ndani, nikatoka tena, nikaenda kutazama ukingo wa korongo, nikarudi. Leo nina wajukuu, na bado sikai. Watu wa nyumbani wanadhani ni tabia tu ya uzee. Nataka kueleza ilianzia wapi, kwa sababu habari hiyo husimuliwa katika familia yetu kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, na husimuliwa vibaya.

Nyumba yetu ilikuwa Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, upande unaoteremka kuelekea ziwani, katika mtaa wa mafundi na wachuuzi, wengi wetu Waislamu. Nyuma ya ua palikuwa na korongo, na ndani ya korongo palikuwa na kijito. Kiangazi uliweza kukivuka bila kulowesha kifundo cha mguu. Masika kilibeba maji ya mtaa mzima: ya mapaa yote, ya vichochoro vyote, na ya soko. Hakikuwa na jina tulilolijua. Kilikuwa na mwenyewe, na huyo naye hakutajwa jina. Bibi, mama yake baba yetu tuliyemwita Papa, alimwita hivyo tu, Mwenyewe. Alikuwa nyoka mnene kama shina la mgomba. Alikaa mlimani kiangazi chote, na mvua kubwa ya kwanza ilipokuja aliteremka kwenda ziwani, akipita korongoni kwetu. Njia yake haikupaswa kuwa na kitu.

Kwa hiyo kila mwaka, kiangazi kilipofika mwisho, wanawake wa mtaa walishuka na majembe na mafagio kwenda kumfagilia. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja, na kila nyumba ilijua kipande chake. Walitoa majani ya migomba, matambara, vigae vya vyungu, matawi, mpaka udongo wa chini ukaonekana. Mwishowe Bibi, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alimwaga beseni moja la maji safi juu kabisa ya mtaa, na wote wakasimama kimya kuyatazama yakiteremka. Yakikwama mahali, mwenye kipande kile alirudi na fagio lake huku wenzake wakimtania. Bibi aliswali swala tano, alifunga Ramadhani, na beseni lile alilimwaga kwa Bismillahi. Sikumwona hata siku moja akihangaika kupatanisha mambo hayo mawili.

Papa alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza mabirika, majiko ya makaa, na hasa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni waliyabeba kichwani kwenda shule. Miaka mingi alifanya kazi chini ya upenu wa duka la mtu mwingine sokoni, na kila mara mwenye duka alipokuwa na wageni alimwambia aweke nyundo chini. Papa alitaka karakana yake. Kiwanja chetu kilikuwa kimejaa; nafasi pekee iliyobaki ilikuwa korongo.

Basi nilipokuwa na miaka tisa, akakusanya mapipa ya mafuta. Kaka yangu Saidi husema yalikuwa sita. Yalikuwa matano, la sita liliwekwa chini ya paa kukinga maji, na nililitumia kufulia mpaka nilipoolewa. Papa aliyakata vifuniko na matako kwa patasi, akayaunganisha moja kwa jingine kwa ribiti, akapaka lami kwenye maungio, akayalaza mkondoni kama bomba moja. Juu yake akashindilia mawe na udongo, na juu ya udongo akasimamisha karakana ya mbao na paa la bati. Hakukadiria kitu kwa jicho. Alipima, akaandika kwa chaki ukutani, akapima tena.

Chumba kilichokuwa upande wa chini wa ua wetu tulikuwa tumempangisha Maman Neema, mwanamke wa Bukavu aliyeuza vitenge na kuvuka daraja la Rusizi karibu kila siku. Alikuwa Mkristo, na mdomo wake haukumwogopa mtu. Asubuhi ile mapipa yalipolazwa alisimama ukingoni na kifurushi chake kichwani.

"Papa Saidi, sasa unatengenezea mto sanduku? Utaupeleka ku masomo gani?"

"Utaenda bweni mu ziwa, Maman Neema," Papa alijibu kutoka chini.

"Na kufuli umenunua?"

Papa alicheka. Bibi alikuwa amesimama karibu yake, hakucheka.

"Musa," alimwambia Papa, "unajua nani anapita hapo."

"Maji njo inapita hapo, Mama. Na maji nimeipatia njia."

"Umeipatia tundu."

"Mama, mambo ya nyoka na dini haviendi pamoja. Hata sheikh amesema."

"Sheikh anakaa juu ya mulima," Bibi alisema. "Kwake hakuna kitu kinapita."

Papa hakuwa mjinga, na hili napenda lieleweke. Alijua kwamba kijito hubeba uchafu, na kwamba uchafu ukiingia katika mapipa hautatoka. Kwa hiyo kwenye mdomo wa juu aliweka wavu wa nondo, akaufunga barabara kati ya mawe, na akafua kulabu ya chuma yenye mpini mrefu ya kuondolea takataka zitakazonasa. Kazi ya kulabu akanipa mimi. Saidi jioni alikuwa chuoni akisoma Kurani. Kila siku nikitoka shule nishuke, nivute takataka zote, nizirundike kando, nirudi, niegemeze kulabu ukutani. Halikuwa jambo gumu.

Kosa lake lilikuwa jingine. Siku wanawake walipokuja na mafagio aliwaambia, kwa upole na fahari kidogo, kwamba kipande chetu hakihitaji kufagiwa tena, kina bomba na kina mtu wa kukiangalia. Wakatazamana. Mmoja akasema kama huyu hafagii, mimi ninafagia kwa ajili ya nani? Mwaka ule mtaa haukufagia. Beseni la Bibi lilibaki limegeuzwa jikoni. Na kwa kuwa korongo lilionekana sasa limetengenezwa, watu waliokuwa wakificha taka zao kwenye mashimo ya migomba walianza kuzimwaga mkondoni mchana kweupe.

Bibi alishuka mara moja tu kutazama wavu. Alishika nondo zake mbili kwa mikono, kama mtu anayejaribu mlango.

"Amemuwekea na mulango," aliniambia. "Mwenyewe akikuta kwake kumefungwa, ataingia kwa yule aliyefunga." Kisha akanitazama miguu. "Na wewe usitie mukono pale. Atakukamata, hatakuachilia."

Nimefikiri mara nyingi kuhusu onyo lile. Huenda alimaanisha maji tu. Mtoto akisimama karibu na tundu lenye nguvu ya mkondo anavutwa, na njia nyepesi ya kumzuia ni kumwambia kuna nyoka. Lakini mimi sikuwa mtu mzima wa kufasiri. Nilisikia nyoka.

Siku za kwanza nilifanya kazi yangu vizuri. Nilisimama mbali, nikanyoosha kulabu, nikavuta, huku nikisoma sura zote fupi nilizozijua. Halafu jioni moja, baada ya manyunyu mawili matatu, kulabu ilishika kitu nyuma ya majani. Kilikuwa kirefu na cheusi. Nilivuta, nacho kikavuta. Kilijinyoosha kuelekea ndani ya pipa, kikalegea, kikavuta tena. Nilijua, kwa namna ambayo mtoto wa miaka tisa anajua kitu, kwamba nilikuwa nimemshika Mwenyewe.

Nilikimbia na kulabu yangu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia Papa nini, yeye aliyekuwa amekana mbele ya watu kwamba nyoka huyo yupo?

Kesho yake nilishuka mpaka nusu ya njia, nikarudi. Papa alikuwa karakanani, angetazama kulabu kama kawaida yake. Kwa hiyo niliichovya katika pipa la maji ya paa, nikaigeuza mara mbili, nikaiegemeza ukutani ikidondoka. Nilipogeuka, Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni akichambua maharage. Alinitazama. Alitazama kulabu. Akarudisha macho kwenye ungo wake.

Nilifanya vile siku tatu, na siku zote tatu Bibi alikuwa pale.

Siku ya nne, muda mfupi baada ya adhuhuri, wingu liliinuka juu ya Bukavu, jeusi kutoka majini hadi juu. Shule za bweni, zilizochelewa kuliko zetu za mtaani, zilikuwa zimekaribia kufunguliwa, na Papa alikuwa na masanduku ya watu karakanani, mengine yamepakwa rangi tayari, mengine bado hayana bawaba. Ndiyo kazi iliyokuwa imlipie bati la paa na mbao. Alisema atamaliza moja kabla ya mvua.

Mvua haikumngoja. Ilikuja kwa upepo, ikatupiga usoni mimi na Bibi tulipokuwa upenuni. Kijito kilibadilika rangi kwanza, kisha sauti. Niliona maji yakifika kwenye wavu na kusimama. Yalisimama kweli, kama mtu aliyekuta kumefungwa. Yakapanda. Yakafanya bwawa nyuma ya karakana, bwawa jekundu lenye majani juu yake, na bwawa likapanda mpaka kwenye mbao za ukuta.

Nilichukua kulabu. Bado sijui nilitaka kufanya nini nayo. Bibi alinishika kifundo cha mkono, akanivuta kwake, na nguvu zake zilinishangaza.

"Wacha," alisema. "Ameshuka."

"Papa yuko ndani."

"Musa," Bibi akaita, na sijapata kusikia tena sauti ile. "Musa, toka."

Papa alitoka akiwa na sanduku moja mikononi. Hakuwa amepiga hatua kumi ukuta wa nyuma uliposukumwa ndani. Maji yaliingia karakanani kama Bibi alivyoahidi, yakachimba udongo aliokuwa ameushindilia, sakafu ikakaa chini, na mapipa yakang'oka yote matano yakiwa bado yameshikana. Masanduku yalitoka moja moja, yakaelea, vifuniko vikifunguka na kujifunga, yakateremka korongoni kwenda ziwani. Watoto wa mtaa wa chini waliyakimbilia ukingoni. Yalikuwa yanapendeza, na hilo ni jambo la aibu kulikumbuka.

Maji yaliyokosa njia yalipita pia kwa Maman Neema. Yalibomoa kona ya chumba chake. Mvua ilipokatika alikuwa amekaa kwenye jiwe akikamua vitenge vilivyojaa tope, kimoja baada ya kingine, na mtaa wote ulikuwa umekusanyika ukisema neno moja: amepita, Mwenyewe amepita, Bibi alisema.

Maman Neema ndiye aliyeshuka kwenye wavu. Ulikuwa bado umesimama kati ya mawe yake, na umeshonana kama mkeka: majani ya migomba, nyasi, magunia, nywele za wasusi, kamba ndefu nyeusi ya mpira, kandambili.

"Nyoka gani huyu anavaa kandambili?" aliuliza.

Wengine walicheka kidogo. Papa hakucheka. Aliutazama ule mkeka kwa muda, akauona unene wake, na mimi niliona kwamba anapima. Kisha akanigeukia.

"Jana ulisafisha?"

"Ndiyo, Papa."

"Na juzi?"

"Ndiyo."

Hakuwahi kunipiga, wala hakuinua sauti siku ile. Aliinama kidogo ili macho yetu yalingane. Kama angeuliza mara ya tatu ningesema. Lakini Bibi aliweka mkono begani kwangu.

"Mutoto nimemuona," alisema. "Kila siku kulabu ilikuwa na maji."

Hakuna neno hata moja la uongo katika sentensi ile. Papa alimtazama mama yake, akanyooka, akapangusa mikono kwenye suruali. Kama wavu ulikuwa umesafishwa jana, hakubaki wa kuuziba namna ile ila Mwenyewe. Kuanzia jioni ile hakubishana na Bibi tena juu ya jambo lolote.

Mapipa aliyaondoa mwenyewe. Mwaka uliofuata, siku ya kufagia, alikwenda na jembe, mwanamume peke yake kati ya wanawake, akafanya kipande chetu mpaka udongo ukaonekana, na Bibi alipomwaga beseni lake Papa alisimama pale naye akiyatazama maji. Alirudi chini ya upenu wa yule mwenye duka. Aliendelea kutengeneza masanduku mazuri. Ila alikuwa amepata mazoea mapya: akimaliza kazi alimwita yeyote aliyekuwa karibu, hata mtoto, akamuuliza, "Wewe unaona imenyooka?" Watu walidhani ni unyenyekevu. Maman Neema alihamia Gihundwe, na siku ya kuondoka alimwambia Papa, bila ubaya, "Mimi na nyoka hatuna neno, Papa Saidi. Mimi nimegombana na takataka." Papa alimsaidia kubeba kitanda.

Bibi aliugua nikiwa sekondari. Alasiri moja nilikuwa namuosha miguu, tuko wawili tu, akasema bila kutanguliwa na mazungumzo yoyote: "Ile kulabu. Wewe ulikuwa mutoto." Niliacha kuosha. "Mimi sikuwa mutoto," akamalizia, akageuza uso ukutani. Sikuweza kumuuliza alikuwa amenyamaza kwa sababu gani. Labda alifurahi kwamba siendi tena kwenye tundu lile, akaona uhai wangu ni bora kuliko karakana. Labda alitaka mwanawe ajue kwamba mama yake hakuwa mwanamke wa kuchekwa. Labda hakudhani mvua itakuwa kubwa kiasi kile. Nimezipanga sababu hizo kwa namna zote, na kila mwaka mojawapo husogea mbele ya nyingine.

Miaka iliyofuata ilileta mambo mengine mazito kuliko haya, na si mahali pake hapa. Desturi ya kufagia ilikufa pamoja na wanawake walioijua. Nyumba zilisogea mpaka ndani ya korongo, kila mmoja akiweka bomba lake, wengine pana, wengine jembamba, na kijito kikawa maji meusi yenye chupa za plastiki, yenye harufu tunayoijua sote, yakifurika kila masika katika nyumba za watu wasiojua kwa nini.

Sasa mji unakirudisha. Nyumba za ukingoni zimeondolewa, kingo zinajengwa kwa mawe, na juu yake wanapanda mianzi na urubingo, nyasi ile ndefu inayoshika udongo. Kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, mtaa wetu hupewa mtaro, na kila kundi la nyumba hupewa kipande. Wasimamizi ni vijana na wanaamini ni mpango mpya. Sijawaambia neno.

Mmoja wao, binti fundi wa mitaro, alikuja kwangu na ramani. "Maman, banasema wewe unakumbuka. Zamani maji ilipita wapi?" Tulitembea pamoja asubuhi nzima. Nilimwonyesha kila kipande na nyumba iliyokuwa ikikifagia. Tulipofika nyuma ya uliokuwa ua wetu nilimweleza mapipa, upana wake, idadi yake, na wavu. Nikamuuliza kama mtu angeusafisha kila siku ingekuwaje.

Alihesabu kidogo kwenye daftari lake. "Ingebomoka tu, Maman. Hata bila wavu. Pipa moja haliwezi kumeza maji ya mtaa huu wote. Labda ingechelewa mwaka mmoja au miwili."

Nadhani alitegemea nitafurahi kwa udadisi wangu kutoshelezwa. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, na usiku ule sikulala. Nilikuwa nimebeba miaka yote hii wazo kwamba mimi ndiye niliyeibomoa karakana, na sasa nilikuwa nimetuliwa mzigo huo, na chini yake kulikuwa na mwingine.

Nilimpigia simu Saidi, anayelima sasa kule Nkanka, nikamweleza yote: kamba ya mpira niliyoidhania nyoka, pipa la maji ya paa, maneno ya Bibi. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akasema, "Wacha, dada. Papa alishakufa na nyoka yake. Sasa unataka kumunyang'anya?"

Hapo ndipo nilipoelewa kinachonizungusha uani. Papa alikuwa amekosea upana. Lilikuwa kosa la kawaida, la kipimo, na lilikuwa lake. Siku ile alipouinamia wavu alikuwa tayari ameanza kulitafuta. Angetafuta kwanza kwangu, kisha kwenye nondo, kisha kwenye mapipa, na nina hakika angefika, kwa kuwa alikuwa fundi wa namna hiyo. Angerudia kwa tundu pana zaidi, au angeliacha korongo wazi akijua sababu. Mama yake na binti yake, mmoja kila upande, tulimzuia asiendelee kutafuta. Tulimpa nyoka, naye aliheshimu familia yake, akampokea, na tangu siku hiyo hakuamini tena mkono wake.